Sufuria Juu ya Gari

Gari lilisimama tena pale pale, chini ya mlima. "Samahani," likasema kwa adabu, "barabara hii haimo."

"Haimo wapi? Mama yangu yumo!" alifoka Naetwe.

Siku hizi gari haliendi bila ruhusa. Antena ya juu ya paa, kinundu kidogo kama yai, hutuma habari za mahali lilipo na kupokea amri. Tangu masika, barabara ya kwa mama ilipofutwa kwenye ramani, amri ilikuwa moja tu: rudi.

Naetwe aliitazama sufuria ya makande aliyompikia mama. Alikumbuka kwamba ndani ya handaki, mawimbi yakikatika, gari humwachia mtu usukani. Naye usukani alifundishwa na mama, enzi watu walipokuwa bado wakiendesha wenyewe. Akayahamishia makande kwenye ndoo, akaifunika antena kwa sufuria, akaikaza kwa kamba iliyopita madirishani.

"Nimepoteza mawasiliano," gari likasema. "Tafadhali endesha mwenyewe."

"Hayo ndiyo maneno!"

Mama alikuwa uani, amekonda. Alipoiona sufuria na kuelezwa, alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaonyesha kwa kidole. Huko bondeni, gari jeupe la wakaguzi wanaosaka magari yaliyokata mawasiliano lilikuwa linapanda, bila haraka.

Mama aliingia jikoni, akatoka akiburuta sufuria ya kupikia harusi.

"Hiyo yako ndogo," alisema. "Gari lao nalo si lina antena? Ngoja tuone kama hao wanajua kushika usukani."