Kiti cha Mgeni

Anayetaka kuhamia nje sharti kwanza aishi miezi mitatu nyumbani kwake kwa bei za kule anakokwenda. Mimi na mume wangu Shedrack tunajiandaa kwenda Norwe, kwa hiyo kidude cha ukutani sebuleni kwetu Morogoro kinatutajia gharama ya kila kitu kwa sauti. Tukivuka kikomo, viza hatupati.

Jana shangazi aliyenilea alikuja kutoka Kilosa bila kunitaarifu, na mchele wake kwenye kikapu. Alipokaa tu, kidude kikasema: "Mgeni mmoja amekaa. Kiti kinalipiwa kwa saa." Nilipobandika chai, kikaongeza maji, moto na kikombe.

"Mwanangu," shangazi akauliza, "anayehesabiwa ni mimi?"

"Ni mashine tu, shangazi. Usiijali."

Akainuka, akasimama karibu na mlango. "Na nikisimama je?"

Kidude kikanyamaza.

"Basi tuzungumze hivi hivi," akasema. "Haya, nipe habari za hapa."

Nikampa habari zote. Tulizungumza mpaka miguu yake ikaanza kutetemeka, na mimi sikumwambia akae.