Mtarakwa wa Binti Yangu

Hapa Magamba mtoto haitwi jina mpaka kitovu chake kizikwe chini ya mche wa mtarakwa, juu ya mstari wa joto, ule ambao chini yake mitarakwa hukauka. Ndiyo sheria. Cha mama yangu kilizikwa huko chini, kwenye majivu ya moto mkubwa uliounguza msitu, pamoja na vya wenzake wote. Miti yao ilikua pamoja, na kiangazi kimoja ikakauka pamoja. Siku hizi tunaichanja kuni. Mti wangu uko nusu ya mlima, nao umeshaanza kukauka nchani.

Baada ya arobaini tulipanda, mimi na mume wangu Hemedi, binti yetu mgongoni. Kileleni tulimkuta Singano, bwana misitu, ameshika kipimajoto.

"Mstari ulipita hapa wiki iliyopita," akasema.

"Basi tupande juu zaidi."

Akatazama mawe, akatazama mbingu. "Juu wapi, dada yangu?"

Hemedi alikuwa ameshachimba shimo. Akalifukia taratibu, akalisawazisha kwa kiganja kama mtu aliye makaburini.

Mama alipotuona tumerudi na mche, aliuchukua mikononi mwetu. Aliuweka kivulini nyuma ya jiko, na hadi leo anaumwagilia maji aliyooshea mchele, ingawa majani yake ya sindano yamepukutika yote.

Kitovu kiko kwenye friji, nyuma ya maziwa. Jina tulilochagua hatulitamki, hata tukiwa wawili chumbani. Tunamwita Mtoto tu. Jana nilimwita hivyo kutoka jikoni, na kwa mara ya kwanza akageuka.