Mashine ya Mlangoni

Siku hizo nishani ya mwanasayansi haikuwa yake peke yake. Watoto wake wa damu nao walivishwa, mashine ya mlangoni mwa ukumbi wa sherehe ikishaonja mate yao na kuwatambua. Programu ya mashine hiyo aliiandika Profesa Namsifu Mbwambo, na ndiyo iliyomletea nishani ya leo.

"Mama, tulia! Unahangaika kama bibi harusi," Nakijwa alimtania huku akimfunga kilemba. "Mimi nitakayetema mate mbele ya waziri nisemeje?"

Namsifu alisimama, akakaa tena. Nakijwa alikuwa kichanga kilichoachwa wodini alipomchukua, na kila mwaka alijiahidi kumwambia.

"Tusiende, mwanangu."

"Heh! Na gauni hili nilipeleke wapi?" Nakijwa alicheka, kisha akamtazama mama yake kwenye kioo. "Unaogopa mashine itakosea?"

"Haijawahi kukosea," Namsifu alijibu upesi, kwa fahari ya kazi yake, kabla moyo haujamzuia.

Kicheko cha Nakijwa kilikatika. Alikifunga kilemba mpaka mwisho, akakikaza kuliko ilivyohitajika.