Krimu na Damu ya Mzee

Kokwijuka alimrudishia fundi Datius kipande cha marumaru ya kijivu.

"Dukani iling'aa kwa sababu ya taa. Itoe juani uione. Imepoa kama uji wa jana."

Yeye na marehemu mumewe waliuza rangi Miembeni, mjini Bukoba, mpaka mume alipougua wakarudi Kamachumu. Kwenye rangi hakuna wa kumbabaisha.

"Basi nyeusi, waitu mama. Haichafuki upesi."

"Nyeusi inabana. Mahali pembamba, tena hapana dirisha, ndani unaweka krimu, papanuke. Nje, chini, zungusha damu ya mzee, mvua ikirusha matope yasionekane. Na ilingane na ya jirani."

Datius aliitazama ya jirani, aliyoijenga mwenyewe mwaka juzi, akakubali.

Simu ikaita. Alikuwa Ishengoma, mdogo wa marehemu, yuko Bukoba mjini.

"Shemeji, nasikia unaongeza chumba. Kwa ruhusa ya nani? Kaka hayupo, mtoto hukumzalia. Ukoo umeshasema: kibanja, nyumba na migomba yake, kinarudi kwetu, nawe unarudi kwenu Izigo."

"Sitoki."

"Jumamosi tunakuja na wazee. Hicho chumba tutakibomoa kwa mikono yetu."

"Njooni. Mje na nyundo nzito."

Alikata simu. Watu hawa amewapikia, amewauguza, amewalelea watoto. Leo wanataka kumrudisha Izigo kama sufuria ya kuazima. Hata kidogo.

"Ongeza saruji," alimwambia Datius.

Jumamosi Ishengoma aliingia na wazee watatu wa ukoo, nyundo begani. Aliizunguka nyumba nzima akitafuta ukuta mpya. Hakuuona.

"Kiko wapi?"

"Nifuateni."

Kokwijuka aliwapitisha nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Krimu ilikuwa inang'aa kwa upole, damu ya mzee imeizunguka vizuri, hakuna hata tone la tope. Moyoni alijisifu, kazi ilikuwa imekaa sawa. Wazee walisimama ghafla. Mmoja mmoja wakavua kofia.

Ishengoma alishusha nyundo, asijue aiweke wapi.

Kokwijuka alivua kandambili, akaziweka juu ya kaburi la mumewe, akashuka kwenye lake mwenyewe la pembeni, akajilaza chali.

"Haya," alisema kutoka chini. "Bomoeni."