Kofia ya Shabiki

Asubuhi baada ya fainali ya vyuo ya mpira wa Kimarekani, mzee mmoja na mkewe waliingia wodini wamevaa kofia nyekundu za chuo. Nilikuwa nimekaa kando ya mwanangu, Tavion, aliyefungwa kola ngumu shingoni.

"Mama, umetuzalia simba!" mzee akaniambia. "Miaka thelathini na moja tunachekwa! Jana nimelia kama mtoto."

"Alilia, na bia akaimwaga yote," mkewe akadakia.

Wakaisimulia dakika ya mwisho: mpinzani anakimbia na mpira, amebakiza hatua mbili avuke mstari, Tavion anamrukia kichwa mbele, wanaanguka wote, uwanja unalipuka.

"Shingo itapona, kijana wangu. Kombe ndilo letu! Hebu nisainie."

Akamwekea kofia kifuani na kalamu kwenye kiganja cha kulia.

Tavion akavikazia macho vidole vyake. Jasho likamtoka usoni. Kalamu ikabingirika taratibu, ikaangukia shuka.

"Polepole, bingwa, hatuna haraka," mzee akasema, akairudisha palepale.

Mwanangu akanitazama.

"Mama," akanong'ona, "nishike mkono."

Nilikuwa nimeushika tangu walipoingia.