Alama za Nyamizi

Mhadhiri aliwataka wanafunzi wa kila kikundi wapeane alama kwa siri, ili wavivu wajulikane. Katika kikundi cha Kasanda walikubaliana upesi kumkomoa Nyamizi, kwa kuwa aliwalazimisha kuirudia kazi yote. Kasanda alijua wazi kwamba bila Nyamizi wasingekuwa na chochote cha kuwasilisha. Hata hivyo naye alimpa mbili kati ya kumi.

Matokeo yalipobandikwa, Nyamizi alikuwa amefeli peke yake. Alimkuta Kasanda kantini, akaketi naye.

"Wale wengine wamenimaliza," alisema. "Wewe najua hukunitupa, kaka. Wewe una utu."

Kasanda alitaka kusema kweli, lakini akainama kufunga kamba za kiatu.

Nyamizi akaimega chapati yake, akampa kipande kikubwa. "Kula basi, tusije tukafa kwa mawazo."

Akakipokea. Kila alipokitafuna kilizidi kumjaa mdomoni, kama kitu kilichokwisha kutafunwa na kutemwa na mtu mwingine. Nyamizi akamsogezea kikombe chake cha chai, akawa anamtazama kwa upole, akingoja ameze.