Mstari Umepita Chooni

Muhula ule mstari wa kijani wa mpaka wa shule ulipita katikati ya choo cha Mwajabu, ukawaka sakafuni kama taa ya harusi. Mtoto anayelala upande wa maghorofani ni mwanafunzi. Wa upande huu akatafute shule ng'ambo ya jiji. Mstari wenyewe husogea kila muhula kuwafuata matajiri waliohamia mtaani juzi, wao na mbwa wao wanaovaa soksi.

Mumewe Chande, bingwa wa majigambo, alimtandikia binti yao Sikudhani kando ya sinki la choo. "Mwanangu anasoma na watoto wa mabalozi!" akawatambia majirani.

"Anasoma nao, analala na ndoo," Mwajabu alimkatiza. "Hongera, baba balozi."

Muhula uliofuata mstari ukavuka ukuta kabisa, nyumba nzima ikabaki upande huu. Chande akamwombea binti nafasi kwenye stoo ya ghorofa la jirani, kwa sharti kwamba awe anawaogesha mbwa.

"Binti yangu haendi kulala na sabuni za mbwa," Mwajabu alisema.

"Mama, acha ushamba," Sikudhani alijibu, akifunga begi. "Nikibaki huku nimeisha."

Jumamosi moja mlango uligongwa.

"Hodi."

"Karibu, pita ndani," Mwajabu aliitikia, akidhani ni mgeni.

Aliingia Sikudhani. Alimwamkia kwa adabu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, mapaja yamebanwa. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya chini, choo kiko wapi.